Sura ya 7: Nimenunua Dyuti Frii, Mbona Natozwa Ushuru?

Swali hili husikika sana kwenye meza za forodha, uwe umeshukia Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya juu. Abiria ametoka Dubai. Mkononi ana mfuko wenye chupa tatu za wiski, kila moja ya lita moja. Risiti anayo. Duka alikonunulia limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba halitozi ushuru. Afisa anazitazama chupa, anamruhusu moja, mbili anazisogeza pembeni na kuanza kupiga hesabu. Abiria anaona kaonewa mchana kweupe.

Hakuonewa. Duka la Dubai lilimsamehe kodi za Dubai. Kodi za Tanzania, Kenya au Uganda halina mamlaka nazo. Msamaha wa dyuti frii hutolewa na nchi unayoiacha, na nchi unayoingia ina sheria zake. Sehemu kubwa ya ugomvi wa viwanja vya ndege huanzia hapo.

Duka lililo ndani ya nchi na nje ya nchi

Ili tuelewane, tutaje kodi tatu zinazohusika. Ushuru wa forodha ni kodi ya kitu kinachoingizwa kutoka nje. Ushuru wa bidhaa hutozwa vitu maalumu, hasa pombe na sigara, viwe vya nje au vya hapa hapa. Ya tatu ni kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT unayoiona kwenye risiti ya supamaketi: asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda na Rwanda, asilimia 16 Kenya.

Bidhaa za dyuti frii hazijalipiwa hata moja kati ya hizo. Zinapofika nchini hupelekwa ghala la forodha, yaani ghala linalosimamiwa na serikali ambamo mali hukaa bila kulipiwa kodi mpaka ijulikane inaelekea wapi. Kutoka huko huja rafu za duka, na kutoka kwenye rafu huingia mfukoni mwako. Wakati huo pasipoti yako imeshagongwa muhuri wa kutoka, kwa hiyo sheria inaihesabu ile chupa kuwa imesafirishwa nje pamoja nawe. Ndiyo maana keshia hakuuzii mpaka aione pasi yako ya kupandia ndege. Ndiyo maana pia anayeruka kutoka Dar kwenda Mwanza hana haki hiyo hata akiliona duka kwa macho yake, kwa sababu haendi nje ya nchi.

Wazo hili lilianzia Ireland. Katika miaka ya 1940 ndege zilizovuka bahari ya Atlantiki hazikuwa na uwezo wa kubeba mafuta ya safari nzima, zikawa zinatua uwanja wa Shannon, magharibi mwa Ireland, kujaza matangi. Abiria walishuka, wakakaa saa kadhaa, wakaondoka bila kuingia nchini. Brendan O'Regan, aliyesimamia huduma za chakula uwanjani hapo, aliona kwamba watu hawa kisheria hawako Ireland. Kwa nini basi walipe kodi za Ireland? Mwaka 1947 ilipitishwa sheria ya kuufanya Shannon kuwa uwanja huru wa forodha, na duka la kwanza la uwanja wa ndege lisilotoza ushuru likafunguliwa.

Miaka ya baadaye Dubai ilipotaka duka la namna hiyo, iliwaita watu wa Shannon wenyewe. Duka lilifunguliwa Desemba 20, 1983. Colm McLoughlin, mmoja wa waliokuja kulianzisha, alifika kwa kazi ya miezi michache akabaki kuliongoza hadi 2024. Leo duka hilo huuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 2 za Marekani kwa mwaka, na Waafrika Mashariki wanaopita pale kwenda Guangzhou, Istanbul au London huchangia fungu lao.

Msamaha huu si haki ya kudumu. Umoja wa Ulaya uliufuta Julai 1, 1999 kwa safari kati ya nchi wanachama. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi zikishakuwa soko moja, kutoka Paris kwenda Roma si kwenda ng'ambo tena.

Je, bei ni nafuu kweli?

Kwa baadhi ya vitu, ndiyo. Vinywaji vikali na sigara hubeba kodi nzito karibu kila nchi, kwa hiyo kodi ikiondolewa bei hushuka kweli. Manukato nayo mara nyingi huwa na nafuu.

Baada ya hapo nina shaka. Chokoleti, miwani ya jua, saa, vipokea sauti vya masikioni, begi la mkononi: kodi iliyoondolewa ni ndogo, na duka hulipa pango kubwa na gawio la mauzo kwa wenye uwanja. Gharama hizo anabebeshwa mnunuzi. Kompyuta ni mfano mzuri. Ushuru wake wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, kwa hiyo huo huwezi kusamehewa popote, haupo. Kabla hujasafiri, piga picha ya bei ya kitu unachokitaka kwenye duka la mjini kwenu. Picha hiyo itakuokoa na mabango yote ya punguzo utakayokutana nayo saa nane za usiku ukisubiri ndege ya pili, macho mazito na fedha za safari bado mfukoni.

Kwa ufupi: dyuti frii hukusamehe kodi za nchi unayoondoka. Faida yake iko kwenye pombe kali, sigara na manukato. Kwingine, linganisha kwanza.

Mfuko wenye ukingo mwekundu

Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa kemikali za majimaji zilizofichwa kwenye chupa za vinywaji. Ndipo ikazaliwa kanuni ya mililita 100: kimiminika chochote kwenye mzigo wa mkononi kisizidi kipimo hicho kwa chupa. Viwanja vichache vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, lakini usitegemee, maana kinachopita uwanja mmoja hukwama unaofuata.

Chupa ya lita moja ya dyuti frii inapitaje, basi? Inapita kwa sababu umeinunua baada ya ukaguzi. Matatizo huanza unapounganisha ndege, kwa maana huko utakaguliwa upya. Dawa yake ni mfuko maalumu: plastiki angavu, ukingo mwekundu, mdomo wenye gundi isiyofunguka bila kuacha alama. Keshia huweka chupa ndani, risiti huwekwa pamoja nayo mahali inaposomeka, kisha mfuko hufungwa. Afisa wa usalama akikuta umefunguliwa, hata kama ulitaka tu kuonja au kumwonyesha jirani yako kitini, ana haki ya kuitupa chupa. Kwa hiyo mwambie keshia mapema kwamba una ndege ya kuunganisha na umtajie unakounganishia. Kama sehemu ya mwisho ya safari utaruka na shirika lisiloruhusu pombe au unaingia nchi inayoikataza, kama Saudi Arabia, usinunue kabisa.

Mfuko huo huo una kisa kingine kwetu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017. Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Rwanda ilitangulia wote, 2008. Ukitua, chupa yako ni halali, mfuko wake sio. Utoe chupa, uiweke kwenye begi, na mfuko uuache uwanjani. Vile vifuko vidogo vya zipu vya kuwekea dawa ya meno na mafuta Tanzania inavivumilia, mradi vibaki na msafiri mwenyewe na asivitupe nchini.

Unaruhusiwa kuingia na nini?

Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hutumia sheria moja ya forodha, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Ndani yake kuna jedwali la vitu ambavyo abiria haombwi kuvilipia. Kwa lugha ya kawaida linasema hivi:

- nguo na vitu vyako binafsi vilivyokwisha kutumika;
- pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili;
- manukato na marashi yasiyozidi nusu lita kwa jumla, na manukato makali yana kikomo chake ndani ya hiyo nusu lita;
- sigara na tumbaku ya namna zote, jumla isizidi gramu 250.

Soma tena lile neno «au» kwenye mstari wa pombe. Wiski lita moja pamoja na mvinyo lita mbili si ruhusa, ni ziada. Pombe na tumbaku ni kwa mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mtoto wa miaka mitano hahesabiwi chupa yake, ingawa kila mwaka kuna wazazi wanaojaribu.

Ukiacha hivyo, mkazi anayerudi nyumbani baada ya kukaa nje ya Jumuiya zaidi ya saa 24 huruhusiwa bidhaa nyingine za matumizi yake zenye thamani ya kiasi fulani. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa dola 500. Viwango vya namna hii hurekebishwa kupitia Gazeti la Jumuiya, kwa hiyo kabla ya safari tazama tovuti ya TRA (Tanzania), KRA (Kenya), URA (Uganda) au mamlaka ya mapato ya nchi yako. Mwishoni mwa 2023 KRA ilipowakumbusha Wakenya juu ya hizo dola 500, kelele zilizozuka zilifika hadi kwa wanasiasa. Kwa maoni yangu wananchi walikuwa na hoja. Kiwango kilichotungwa wakati simu ilikuwa ya kupigia tu hakiwezi kumtosha mtu ambaye leo simu yake moja inakimaliza chote.

Lakini msamaha huu una sharti lisilobadilika: vitu viwe vya matumizi yako au zawadi, visiwe vya kuuza. Magauni kumi na mawili ya aina moja, saizi tofauti, bado yana lebo, hayawezi kuwa ya mtu mmoja. Maafisa wanayajua masoko ya Kariakoo na Gikomba vizuri kuliko unavyodhani. Mfanyabiashara ana njia yake ya kuingiza mzigo, na mara nyingi wakala wa forodha humgharimu kidogo kuliko kukamatwa.

Na wale wanaosafiri na kamera au kompyuta ya bei kubwa? Iandikishe kwa afisa forodha siku ya kuondoka, au angalau ubebe risiti yake ya zamani. Ukirudi, kuthibitisha kwamba ni mali uliyotoka nayo itakuwa kazi ya dakika mbili.

Hesabu inavyopigwa

Watu wengi hudhani kodi ya uwanjani ni kiasi anachojitungia afisa. Hesabu ipo, na unaweza kuipiga mwenyewe ukiwa kitini. Jumuiya ina makundi manne makuu ya ushuru wa forodha: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kundi la 35 liliongezwa Julai 2022 ili kulinda viwanda vya ndani, na nguo mpya zimo.

Chukua mwalimu anayerudi Mwanza kutoka Istanbul akiwa na mzigo uliovuka kiwango. Sehemu inayotozwa ni mashine ya kusagia matunda ya shilingi 100,000, iliyo kundi la asilimia 25. Ushuru ni 25,000. VAT haipigwi kwenye 100,000 bali kwenye 125,000, kwa hiyo asilimia 18 inakuwa 22,500. Jumla 47,500, kabla ya tozo ndogondogo. Kama badala ya mashine ni nguo mpya za thamani ile ile, ushuru ni 35,000, VAT ni 24,300, jumla 59,300. Kodi juu ya kodi. Ndipo wengi wanaposhtuka.

Thamani yenyewe hutoka kwenye risiti. Ukikosa risiti, afisa atatumia kumbukumbu zake za bei, na hizo hazijui kwamba wewe ulipatana na muuzaji mpaka akashuka nusu. Weka risiti pamoja na pasipoti, si ndani ya begi kubwa.

Mlango wa kijani na mlango mwekundu

Baada ya kuchukua begi kwenye mkanda utakuta milango miwili. Wa kijani ni wa asiye na cha kutamka, mwekundu ni wa mwenye nacho. Kupita kijani ni tamko kamili kisheria, ingawa hukufungua mdomo. Ukisimamishwa humo na kukutwa na kisichoruhusiwa, umeshatoa tamko la uongo, na sheria ya Jumuiya inataja faini isiyozidi dola 10,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Mwenye kitu kile kile akipita mwekundu hulipa ushuru na kwenda zake. Ukiwa na shaka yoyote, pita mwekundu na uulize. Fomu ya tamko la abiria, ambayo Kenya huiita F88, hujazwa kwa dakika chache.

Fedha taslimu nazo hutamkwa. Kenya na Tanzania, kiwango ni dola 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa sarafu nyingine. Kubeba fedha hizo si kosa; kosa ni kunyamaza.

Kwa ufupi: kuvuka kiwango si kosa, ni deni. Kosa ni kulificha.

Vitu visivyo na kiwango

Kuna vitu ambavyo hata kimoja ni kingi. Krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika nchi zetu, hata kama ng'ambo zimekaa rafuni waziwazi. Droni huhitaji kibali kabla ya kutua nayo. Miraa, halali Meru na Nairobi, ni dawa ya kulevya Tanzania, na Uingereza tangu Juni 2014. Makombe na matumbawe ya ufukweni, yale ambayo vijana huwauzia watalii Malindi na Nungwi, yanaweza kumkwamisha mgeni uwanjani kwake kwa sababu spishi nyingine zinalindwa na mikataba ya kimataifa.

Anayekwenda kuwatembelea ndugu Ulaya na Marekani akumbuke chakula. Uingereza na Umoja wa Ulaya hukataa nyama na maziwa kutoka kwetu, ikiwemo ile nyama kavu uliyoandaliwa na mama kwa mapenzi yote. Viwango vyao vingine ni hivi: kuingia Umoja wa Ulaya kwa ndege, bidhaa za euro 430; Uingereza, pauni 390, na ukivuka hapo unatozwa kwa thamani yote, si kwa ziada pekee; Marekani, mkazi anayerudi ana dola 800, lakini mgeni ana dola 100 tu za zawadi.

Na kuna mzigo wa mtu mwingine. «Nibebee tu hiki kifurushi, mjomba atakupokea.» Forodha haimjui mjomba. Kilichomo begini mwako ni chako, na wapo Watanzania waliofungwa China na Hong Kong kwa dawa za kulevya walizokamatwa nazo. Kama ni lazima umsaidie mtu, mwambie afungue kifurushi mbele yako, kitu kimoja kimoja, na ukifunge kwa mkono wako. Akikataa, umeshapata jibu.

Ukiona umekadiriwa vibaya

Malipo ya forodha hayapitii mfukoni mwa mtu. Tanzania utapewa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, ulipe benki au kwa simu. Kwingine kuna utaratibu unaofanana na huo. Anayekuambia «nipe chochote uende» hakusaidii, kwa sababu huna stakabadhi na kesho mwenzake anaweza kukudai upya.

Kama huwezi kulipa papo hapo, mzigo hubaki forodha na wewe hupewa hati ya kuupokelea. Usiondoke bila hati hiyo. Kama hukubaliani na thamani au kundi la ushuru lililotumika, uliza ni kundi gani, andika jina la kituo na tarehe, kisha mwandikie Kamishna wa Forodha ukieleza sababu zako na kuambatanisha risiti. Sheria ya Jumuiya inakupa siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya, na zinahesabiwa kuanzia siku uamuzi ulipotolewa.